Kufuli Sikioni mwa Kosgei

Niliolewa na Kosgei kwa sababu ya masikio yake. Wanaosema mwanamke huangalia ng'ombe au tabia waendelee kusema. Mimi niliangalia masikio. Alikuwa ametobolewa vizuri tangu kijana, ndewe zikavutwa taratibu kwa vijiti mpaka zikaning'inia karibu na mabega, laini, sawasawa pande zote mbili, na akicheza ngoma zilipigapiga shingo yake kwa kufuata wimbo. Wasichana wengi walimtaka. Mimi ndiye niliyewahi.

Mwaka wa 1951, tukiwa tayari na watoto, tulikuwa tunaishi kambi ya vibarua kwenye shamba moja kubwa kule Rongai. Mwenye shamba tulimwita Bwana Mluzi, kwa sababu aliita mbwa, ng'ombe na watu kwa mluzi uleule mmoja, na ilibidi kila mtu ajijulie mwenyewe kama ni yeye anayeitwa. Kosgei alikuwa mtunzaji wa nyumba ya maziwa, mahali krimu ilipowekwa kabla ya kupelekwa stesheni. Mlango wa nyumba hiyo ulifungwa kwa kufuli kubwa la chuma lililotoka Uingereza, zito, la mviringo, kama kobe mdogo. Bwana Mluzi alilipenda sana kufuli hilo. Alilisalimia kuliko alivyotusalimia sisi.

Sasa, Kosgei hakuwa na mifuko. Yaani kaptura yake ilikuwa na mifuko, lakini yote ilikuwa imetoboka, na hakuwahi kuniambia niishone kwa kuwa masikio yalimtosha. Ndewe ya kulia ilibeba kikopo cha ugoro. Ya kushoto ilikuwa ya kazi. Kila asubuhi alifungua kufuli, akalitundika kwenye ndewe ya kushoto likiwa wazi, mikono ikabaki huru kubeba ndoo. Akimaliza alilitoa sikioni, akafunga mlango, akaja kunywa chai. Alifanya hivyo miaka na miaka bila shida yoyote, na watu waliopita walimwonea wivu kwa jinsi alivyojipanga.

Asubuhi ninayoisimulia, alilifunga likiwa sikioni.

Nilikuwa napuliza moto nilipomwona anakuja mbio, kichwa kimelala upande, mkono mmoja umebeba kufuli kama anayebeba mtoto. Niliinuka na mwiko wa ugali mkononi.

"Baba Kiprono, umefanya nini?"

"Si mimi. Ni mkono."

"Mkono ya nani?"

"Yangu. Lakini mimi sikutaka. Mtu akishika kufuli wazi, mkono yenyewe inataka kufunga. Hata wewe ungefunga."

"Mimi? Mimi niko na akili, asante. Fungua basi."

"Ufunguo unaingia," alisema, "lakini unakataa kugeuka. Siku hizi hii kufuli imeanza kiburi. Leo asubuhi nimesumbuana nayo karibu jua litoke."

Nilichukua ufunguo nikajaribu mwenyewe. Niligeuza kulia, nikageuza kushoto, nikashika kichwa chake kwapani nikageuza kwa nguvu zangu zote. Kufuli halikusogea hata kidogo. Kosgei alitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima, na kuku wote wakaruka juu ya paa. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba mama yangu alinionya, jambo ambalo halikuwa kweli, maana mama naye aliyapenda yale masikio.

Ndipo tukasikia mluzi. Mbwa walikuja, Kosgei akaja, na ndama mmoja akaja pia. Bwana Mluzi alisimama mbele ya gari lake, madebe ya krimu yamekwisha kupakiwa nyuma, akamtazama Kosgei kwa muda mrefu. Kisha akalishika kufuli, akaligeuza huku na huku kuona kama limekwaruzwa, na Kosgei ikambidi ageuke nalo.

"Hii iko mzuri bado," Bwana alisema. Alikuwa anasema juu ya kufuli.

"Bwana, tunaweza kukata na msumeno," nilisema.

"Kata kufuli? Wewe iko wazimu? Kufuli iko moja. Sikio iko mbili."

Nilidhani nimemsikia vibaya. Alieleza zaidi, polepole, kana kwamba alikuwa anatufanyia hisani. Sasa anapeleka krimu stesheni. Saa sita atarudi, halafu anakwenda Nakuru kwa shughuli zake. Kama kufuli halijatoka, atampeleka Kosgei hospitali, daktari akate ile ndewe na kushona. Kazi ndogo, alisema. Watu wengi walioingia kanisani walikuwa wamekatwa ndewe na kushonwa, na wanasikia vizuri tu. Kisha akapiga mluzi, mbwa wakaruka garini, wakaondoka.

Nilisimama pale nikihesabu nitakachobaki nacho. Mume mwenye sikio moja refu na moja fupi, aliyelegea upande kama mzigo uliofungwa vibaya juu ya punda. Nani angecheza naye ngoma? Nilitaka kulia, lakini mimi nikitaka kulia huanza kugombeza watu, basi niliwagombeza ndama na wote waliokuwa karibu.

"Hiyo sikio haikatwi," nilimwambia Kosgei. "Nimesema. Kaa hapa chini."

Nilianza na samli. Kwetu samli ilikuwa dawa ya kila kitu. Mtoto akizaliwa hupakwa samli, ngozi ikikauka hupakwa samli, kibuyu kikipasuka hupakwa samli, na sikuona kwa nini kufuli lijione bora kuliko mtoto. Nilichota kidole kizima nikasukuma ndani ya tundu la ufunguo, kisha nikapaka na sikio lenyewe, nikifikiri labda sikio ndilo litakaloteleza. Ufunguo haukugeuka. Lakini yule ndama alikuwa amerudi, na akasikia harufu, na kabla sijatafuta fimbo akawa ameingiza sikio lote la mume wangu mdomoni pamoja na kufuli.

"Ananyonya!" Kosgei alipiga kelele. "Mama Kiprono, ananyonya!"

Ilibidi nimvute ndama mkia. Kelele hizo ndizo zilizomleta jirani yetu Nasimiyu, mwanamke mwema sana kutoka Bungoma ambaye hajawahi kukosa ushauri. Alicheka kwanza, akacheka tena, akajifuta machozi kwa leso.

"Pole, shemeji," alimwambia Kosgei. "Hii ni kitu kidogo. Maji moto, chumvi, na magadi. Sufuria yangu iliyoungua inatoka safi na hiyo."

Alileta birika akamimina. Maji yalikuwa moto kuliko alivyosema, Kosgei akaruka, nusu yakaingia kwenye kufuli na nusu yakaingia kwenye shati. Tukangoja. Halafu kufuli likaanza kutoa machozi mekundu. Yalitiririka shingoni, yakaingia kwenye kola. Kosgei aliyagusa, akatazama kiganja, akaona wekundu ule.

"Damu," alisema kwa utulivu. "Basi nimekufa. Ng'ombe wa madoa mpe Kiprono." Akalala chini, akafumba macho.

"Ni kutu!" nilimpigia kelele. "Amka, ni kutu! Nasimiyu, umeosha chuma na chumvi? Sasa tutaimaliza kabisa!"

"Sufuria haikuwa na shida," Nasimiyu alisema, naye akanuna.

Mume wake, Wasike, dereva wa trekta, alifika na msumeno wa chuma begani. Nilimwambia Bwana amekataza. Wasike akasema Bwana yuko stesheni, na atakata kidogo tu, mahali pasipoonekana. Alimlaza Kosgei kwenye gogo, akamkanyaga bega, akaweka msumeno kwenye ule upinde wa kufuli uliopenya ndewe, akavuta mara moja.

Kosgei aliinuka na Wasike juu yake.

"Gari moshi!" alisema, macho yametoka. "Gari moshi imepita ndani ya kichwa yangu!"

Msumeno ulikuwa haujaacha hata alama. Chuma cha Uingereza kilikuwa kigumu kupita kiasi, na meno mawili ya msumeno yalikuwa yamekatika. Wasike aliyatafuta kwenye majani kwa huzuni. Kisha akawa na wazo lingine, kwamba kama mambo yote yakishindikana, Kosgei asimame mlangoni usiku na afungwe pale, mlango na mtu pamoja, ili kazi ya kufuli isikwame. Nilimfukuza kwa mwiko wa ugali.

Jua lilikuwa limepanda. Kosgei aliketi kwenye kigoda, kichwa upande, nzi wamejaa samli, shati limejaa kutu. Alikuwa ameshika ndewe yake kwa vidole viwili, anaipapasa taratibu, kama mtu anayeaga. Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika. Nilijua lililobaki, na nilikuwa nimelijua tangu mwanzo, ila nilikuwa natafuta njia nyingine yoyote duniani.

Lililobaki lilikuwa Mugure.

Mugure alikuwa na cherehani pale kwenye baraza la duka la shamba. Cherehani hiyo ilikuwa kuukuu kuliko sisi sote, lakini iliimba siku nzima bila kukwama, na kando yake kulikuwa na kikopo chenye mdomo mrefu mwembamba, cha mafuta. Mtu yeyote mwenye akili angekimbilia huko kwanza. Shida ni kwamba mimi na Mugure tulikuwa hatuongei tangu Krismasi. Alinishonea gauni la njano ambalo mkono mmoja ulikuwa mpana na mwingine mwembamba, nami nikasema kisimani, watu wote wakisikia, kwamba gauni hilo alimshonea ng'ombe. Yeye akajibu, watu wote wakisikia, kwamba alishona kwa vipimo alivyopewa.

Nilitembea mpaka barazani. Mugure aliendelea kukanyaga cherehani kana kwamba mimi ni upepo.

"Mugure," nilisema.

"Nani huyo? Sikio yangu haisikii vizuri leo." Habari zilikuwa zimemfikia.

"Kufuli imemshika baba Kiprono. Nataka mafuta ya cherehani. Tone kidogo tu. Wanataka kumkata sikio saa sita."

Cherehani ikanyamaza. Alinitazama toka miguuni mpaka kichwani.

"Lile gauni liko wapi?"

"Liko kwa sanduku."

"Nenda ulivae. Upite nalo kisimani, watu wakuone. Halafu nitakuja na mafuta."

Sitaeleza nilivyojisikia. Nililivaa. Nilipita kisimani na mkono mmoja umejaa upepo na mwingine umenibana mpaka vidole vikafa ganzi. Wanawake waliniamkia, nikawaitikia, nikainua shingo. Mtu mmoja alilia kama ng'ombe, nami mpaka leo najua ni nani. Nilipofika nyumbani Mugure alikuwa ameshafika, kikopo chake mkononi, analinusa kufuli pua karibu iguse shingo ya mume wangu.

"Mzee Kosgei," alisema, "hii ni kufuli ama ni kibuyu ya maziwa lala? Unaipaka nini?"

Kosgei alitazama chini. "Krimu," alisema. "Kidogo tu. Kila asubuhi. Nikiona imekuwa ngumu, naongeza."

"Krimu!" nilisema.

"Iko ndani ya nyumba ya maziwa," alijitetea. "Hata hiyo kufuli inasikia harufu. Niliona huruma."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa siri ya kiburi cha kufuli. Alikuwa amelilisha krimu ya Bwana siku zote hizo kama ndama, ikachacha, ikaganda, ikashika vumbi, na yale maji ya maziwa yakaanza kula chuma. Juu yake mimi nikaongeza samli, na Nasimiyu akaongeza chumvi. Mugure alitutazama sisi sote mmoja mmoja, akatikisa kichwa.

"Cherehani yangu ningeipaka hivyo ingekufa siku hiyo," alisema. "Mafuta ya kula ni ya kula. Yanaganda. Na maji hapana, tena ya chumvi ndiyo mabaya kabisa. Kwanza tunatoa uchafu. Nileteeni mafuta ya taa, manyoya ya kuku, na nguo kavu. Na moto uzimwe."

Nasimiyu alikwenda kumng'oa kuku unyoya, na kuku wale walikuwa wamekwisha kuchoka na siku hiyo. Mugure alifunga nguo shingoni mwa Kosgei kama anayemnyoa. Kisha akamlaza kichwa chini, miguu juu ya kigoda, ili tundu la ufunguo litazame chini na uchafu utoke wenyewe. Alichovya unyoya kwenye mafuta ya taa, akauingiza tunduni, akausokota, akautoa. Ulitoka na uji mweusi unaonuka kama zizi. Akaufuta, akachovya tena. Ulitoka mweusi. Akafanya hivyo tena na tena, na pale upinde unapoingilia pia, mpaka yakaanza kutoka mafuta ya taa masafi tu.

"Sasa ongeza mafuta ya cherehani," nilisema. Jua lilikuwa karibu utosini.

"Bado. Iko na maji ya huyu mama ndani. Ukiweka mafuta juu ya maji unafungia kutu nyumbani. Ikauke kwanza."

Kwa hiyo tulimhamishia Kosgei juani, tukamlaza sikio juu ya jiwe lililopata moto, kufuli limetandazwa vizuri. Ilibidi tumgeuzegeuze, upande huu, upande ule, kama mahindi. Watu wa kambi walikuwa wamekuja wote kutazama. Kosgei akauliza kama anaweza kuvuta ugoro kidogo. Mugure akasema akipiga chafya sasa hivi, asimlaumu mtu.

Ndipo tukasikia gari likipanda mlima.

"Mugure," nilisema, "nakuomba."

Alipapasa kufuli kwa kiganja, akaridhika. Akachukua kikopo chake chenye mdomo mrefu. Tone moja kwenye tundu la ufunguo. Tone moja huku upinde unapoingilia, tone moja kule. Si zaidi. Aliingiza ufunguo, akautoa, akaufuta, akauingiza tena, bila kuulazimisha. Gari liliingia langoni. Mbwa wakabweka. Mugure aligeuza kidogo, akarudisha, akageuza kidogo zaidi, na mimi nilikuwa nimeshika ndewe ile kwa mikono yote miwili kama ningeweza kuizuia isiende Nakuru.

Kufuli likafunguka. Lilifunguka kwa sauti ndogo tu, tena tamu. Sikio la mume wangu likatoka, jekundu, limebonyea, zima. Nililia wazi, mbele ya watu, ndani ya gauni lile, na nikamkumbatia Mugure mpaka mshono wa kwapa ukaachia.

Bwana Mluzi alishuka garini na kutukuta hivyo. Alipita kati yetu, akamnyang'anya Mugure kufuli, akaingiza ufunguo akaugeuza. Ulizunguka bila kelele. Akatabasamu mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mzuri sana," alisema. "Mzuri kuliko mpya." Kisha akamgeukia Kosgei, akainua kidole kumfundisha. "Wewe Kosgei, sikiliza. Kufuli hapana weka kwa sikio. Kufuli weka kwa nguo. Namna hii."

Alimtupia Kosgei ufunguo. Akapitisha upinde kwenye tundu la kifungo cha koti lake, lile koti jipya la kwendea Nakuru, akalining'iniza hapo kifuani kwa madaha ili sote tuone. Akalishika. Na mkono wake, nilimwona kwa macho yangu, mkono wake wenyewe, bila kumuuliza, ukalibonyeza.

Ta!

Bwana Mluzi alitazama kifua chake. Alivuta, koti likavutika. Aliinua macho, akamtazama Kosgei, na Kosgei akanitazama mimi. Nimeishi na mtu huyo miaka mingi na sijawahi kuona uso wenye furaha kama ule.

"Mkono, Bwana," Kosgei alisema kwa upole. "Yenyewe inataka."

Sijui ni nini kilinipa ujasiri. Labda ni gauni.

"Koti iko mingi, Bwana," nilisema. "Kufuli iko moja. Mugure alete makasi?"

Wasike alijificha nyuma ya Nasimiyu. Bwana alikuwa mwekundu mpaka ndani ya nywele. Kosgei alianza kuutafuta ufunguo. Aliutafuta kwenye mfuko wa kulia, uliotoboka, na kwenye wa kushoto, uliotoboka, akatazama ndani ya kofia, akainama akachungulia kwenye majani. Sote tuliona kwamba ulikuwa kwenye ndewe ya kulia, nyuma ya kikopo cha ugoro, lakini hakuna aliyesema neno. Alipoupata hatimaye, aliugeuza mara moja tu kwa kidole, na kufuli likafunguka. Bwana hakuaga. Alisahau hata kupiga mluzi, na mbwa walilikimbilia gari mpaka barabarani.

Usiku nilimpaka Kosgei samli sikioni, maana sikio si kufuli, na samli ni dawa yake. Nilimpaka polepole, kote kote, na yeye akasinzia. Nilimwambia nimemsamehe, lakini kuanzia kesho kufuli nitashika mimi.

Basi asubuhi tulikwenda pamoja, mimi na gauni langu la njano, maana baada ya wema wa Mugure sasa nililazimika kulivaa. Kosgei alifungua mlango, akanipa kufuli, akaingia na ndoo zake. Nilisimama nje nimelishika. Lilikuwa linateleza vizuri, upinde unakwenda na kurudi. Nililitazama. Ule mkono wa gauni uliokuwa mpana ulikuwa umeshaingia kwenye upinde, sijui uliingiaje, na kidole changu kilikuwa kinaanza kubonyeza.

Nililiweka chini upesi, nikalikalia.